Mibaazi Katikati ya Mtama

Tulipomzika mama mkwe wangu Agosti iliyopita, nilicheka kwenye matanga yake mpaka watu wakanigeukia. Haikuwa kukosa heshima. Ilikuwa asubuhi ya pili, tuko jikoni, wanawake kama kumi hivi, moshi umetujaa machoni, na sufuria tatu kubwa za nyoyo zinatokota kwa ajili ya wageni. Nyoyo ni mahindi na maharage yaliyochemshwa pamoja, lakini kwetu Karungu siku hizi maharage yamepisha njia, watu wanatia mbaazi. Mjukuu mmoja aliyetoka Nairobi akachota kijiko, akaonja, akauliza, "Hivi hii mbaazi ilifikaje huku? Si hii ni chakula ya Ukambani?" Kabla sijafungua mdomo, Min Achieng, mke wa kaka mkubwa wa mume wangu, akajibu bila kuinua macho kutoka kwenye vitunguu alivyokuwa akikata: "Ni mimi nilileta." Ndipo nikacheka. Min Achieng naye akanitazama, akaona ninavyotingishika, akaanza kucheka hadi akaweka kisu chini. Wasichana waliokuwa nasi jikoni hawakuelewa kitu. Wangejuaje kwamba mama huyu ndiye aliyekaribia kuifanya mibaazi yangu ing'olewe yote, shina kwa shina, na mimi nikakaribia kung'oka pamoja nayo?

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilifika Karungu mwezi wa Januari, mke wa miezi miwili, na cheti cha ualimu ndani ya bahasha ya kaki na barua ya kazi ambayo kila wiki niliambiwa iko njiani. Mume wangu, Owuor, alikuwa akifundisha upande wa Ndhiwa na kurudi Ijumaa jioni kwa baiskeli, vumbi limempaka mpaka kope. Nyumba yetu ilikuwa ya udongo na mabati, karibu na lango la boma, na chumba chake cha mbele kilitosha meza moja, viti viwili, na redio ambayo betri zake tulizianika juani ili zipate nguvu. Kutoka dirishani niliona shamba, na chini ya shamba niliona ziwa. Hilo ndilo lililonishangaza kuliko yote. Mimi natoka Makueni, najua ukame, lakini kwetu ukame hauna maji ya kukutazama. Pale Karungu ziwa lilikuwa limetanda mpaka macho yanachoka, na ardhi imepasuka nyufa za kuingiza kidole. Mvua ilikuja ikitaka, ikaondoka bila kuaga. Nikawaza, hapa nipo nyumbani, isipokuwa watu wanazungumza lugha nisiyoielewa.

Mama mkwe wangu alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, Msabato wa kuogopwa. Kiswahili chake alikipata sokoni Sori. "Kiswahili yangu ni ya kununua nayo samaki," aliniambia siku ya kwanza, "kwa hivyo usiniletee maneno ya vitabu." Jina langu alilitazama kama nguo isiyomtosha, akaliweka kando, akaniita Nyar Kamba, binti wa Wakamba, na tangu hapo hakuna aliyeniita vingine pale bomani, hata mbuzi wangejua kusema wangeniita hivyo. Asubuhi ya siku yangu ya tatu alisimama mlangoni na jembe. "Nyinyi watu wa Kiswahili mnasema mgeni siku mbili," akasema. "Ya tatu ndiyo hii." Akanipeleka kwenye kipande cha shamba alichokimega kutoka kwenye shamba lake mwenyewe, akanionyesha mipaka kwa ncha ya kidole cha mguu. Kilikuwa kipande cha mwisho kabisa, chenye mchanga na mawe, na kayongo imekiharibu; kayongo ni gugu lenye maua ya zambarau ambalo hunyonya mizizi ya mtama mpaka mtama unasimama kama mgonjwa wa muda mrefu. Nilishukuru kwa moyo wote. Nilikuwa na mbegu za mbaazi nilizofungiwa kwenye pindo la leso siku naondoka kwetu, na udongo mbaya mbaazi haiuogopi.

Machi mvua ikashuka. Nami si mtu wa kusubiri, hata leo wajukuu wangu wanajua chai yangu haipoi. Asubuhi ile ile nilichukua jembe na leso yangu ya mbegu, nikashuka shambani. Sijachimba shimo la tatu, nikasikia mtu anapiga mayowe nyuma yangu. Ni Min Achieng, anakimbia na mtoto mgongoni. "Wewe! Toka hapo! Unataka kuua watoto wangu?" Nilidhani nyoka. Nilirusha jembe nikaruka. Kumbe nyoka ni mimi. Mama ndiye aliyekuja kunieleza, tumekaa kwenye kizingiti cha nyumba yake, akizungumza polepole kama anayemfundisha mtoto kufunga kiatu. "Mbegu ina mpangilio yake. Mimi na Mzee tunapanda kwanza. Halafu Min Achieng na bwana yake. Halafu ndio wewe na Owuor. Ukimruka mkubwa wako unamletea chira, ugonjwa haina dawa ya hospitali." Akawageukia kuku. "Na hiyo siku ya kupanda, bwana lazima alale nyumbani." Nikaelewa. Nami nikawatazama kuku.

Basi Mama na Mzee wakapanda siku iliyofuata. Shida ilikuwa kwa Min Achieng. Mume wake alikuwa Masara akichimba dhahabu, na mtu aliye kwenye shimo la dhahabu hatoki kwa sababu ya mtama. Siku nane! Mvua inanyesha, udongo unapokea, na mimi nimekaa na mbegu zangu nikimngoja mwanaume wa mtu mwingine atoke ardhini. Wanasema haraka haraka haina baraka. Aliyesema hivyo sidhani alikuwa na shamba Karungu. Shemeji akafika siku ya tisa, mwekundu wa vumbi, mikono mitupu, akalala kwake siku moja, Min Achieng akapanda, na Ijumaa Owuor alipowasili sikumpa hata nafasi ya kuegesha baiskeli.

Nilipanda Jumapili, kwa sababu Jumamosi ya Sabato hakuna aliyegusa jembe katika boma lile. Mistari miwili ya mtama, mstari mmoja wa mbaazi, mistari miwili ya mtama, mbaazi tena, mpaka chini. Mama alikuja kutazama, mikono nyuma. Akauliza kwa nini ninaharibu nafasi. Nikamweleza kwamba mtama utakomaa na kuondoka, lakini mbaazi itabaki. Mizizi yake inakwenda chini sana kutafuta maji, majani yake yakianguka yanarudisha nguvu ya udongo, na mwaka ukifuata nayo ipo, huhitaji kupanda upya. "Kwa hivyo ni mti," akasema Mama. "Hapana, Mama, ni chakula." "Lakini inakaa." "Inakaa." Akatikisa kichwa, akaondoka. Ningekuwa na akili ya leo, ningeyasikia maneno yale vizuri zaidi.

Miezi iliyofuata naikumbuka kwa furaha ambayo siwezi kuieleza vizuri. Nilijifunza kusafisha omena, wale dagaa wa ziwani, bila kukata vidole. Min Achieng alikuwa akinunua omena Sori na kwenda kuziuza Isebania, mpakani, na akirudi alikuwa na habari za nchi mbili. Alikuwa mcheshi huyo mwanamke, hata mimi niliyemwogopa nilicheka. Tuliitana nyieka, neno la wake wenza, kwa maana huku wake wa ndugu huhesabiwa hivyo. Mwezi wa Julai tukavuna mtama, Mama kwanza, Min Achieng wa pili, mimi wa tatu. Mtama wangu haukuwa mwingi, lakini wenzangu wenye mashamba mazuri hawakunizidi sana, na Mama alilipima rundo langu kwa macho mara mbili. Baada ya mavuno, kama desturi, mashamba yote yakafunguliwa kwa mifugo. Yote isipokuwa langu, kwa sababu mibaazi ilikuwa bado imesimama, imefika kifuani. Nikakata miiba nikazungushia ua. Baba mkwe, mzee mfupi mwenye kofia asiyoivua ila kanisani, alikuja kusimama nje ya miiba na mbuzi wake kumi na moja. "Nyar Kamba," akasema, "umefungia mbuzi yangu nje ya shamba yangu?" Nikamwomba msamaha kwa magoti. Akaondoka akicheka peke yake, lakini jambo lile hakulisahau.

Krismasi ikapita, Januari ikaja tena. Kila kitu kikawa rangi ya vumbi. Ghala zimeisha, sukuma wiki imekauka, tunakula ugali na omena, omena na ugali. Na pale chini, nyuma ya miiba, shamba langu peke yake lilikuwa kijani, limejaa maua ya manjano na maganda yaliyonenepa. Ijumaa moja mchana nilichuma maganda mabichi, nikamenya, nikachemsha, nikakaanga kwa kitunguu na nyanya mbili za mwisho. Nilipika sufuria nzima ili ibaki ya Sabato, kwani jua la Ijumaa likizama hakuna kuwasha moto. Sikuwaza lolote. Kwetu mbaazi mbichi haichumwi kwa kuitisha baraza, unachuma ukiwa na njaa. Owuor akafika, akaonja, akavua koti. Alikula sahani tatu. Harufu ikapita dirishani, ikavuka kiwanja, ikaingia kwa Min Achieng bila kubisha.

Tumbo la mtu lililozoea ugali na omena halipokei sahani tatu za mbaazi kwa amani. Siku ya pili, kanisani, mume wangu alitoka nje mara ya kwanza wakati wa wimbo, mara ya pili wakati wa sadaka, na mara ya tatu katikati ya mahubiri, akipita mbele ya wazee wote akikimbia. Niliona Min Achieng anamhesabu. Tuliporudi nyumbani habari ilikuwa imeshafika kabla yetu: Nyar Kamba amevuna kabla ya wakubwa wake, na chira imeanza na mume wake mwenyewe.

Jumapili tukaitwa nyumbani kwa Mama. Nakikumbuka kile chumba kuliko vyumba vingi nilivyoishi: vitambaa vyeupe vya kufuma juu ya kila kiti, kalenda ya kanisa, na sisi tumekaa kama watu wanaopigwa picha. Mzee, Mama, Min Achieng, Owuor na mimi. Min Achieng alianza. Nataka niseme hili kwa haki, hakuwa na wivu, alikuwa na hofu. Alikuwa amezika mtoto mmoja. "Mimi sina maneno mbaya na huyu dada," akasema. "Lakini kuna mpangilio. Mama hajavuna, mimi sijavuna, yeye amekula. Sasa ikija kwa watoto wangu, nitasema nini?" Nikajitetea. Nikasema, wakubwa wangu wangevunaje kitu ambacho hawakukipanda? Hakuna aliye na mbaazi ila mimi. Tena hii si kama mtama, inakaa shambani mwaka mzima, wakati mwingine miwili, mitatu. Nilifikiri nimesema neno la hekima. Nilikuwa nimejichimbia shimo.

Mzee akainua kichwa. "Inakaa miaka tatu?" "Ndiyo, Baba." "Shina yake unaweza kupika nayo?" "Kuni nzuri sana, Baba." "Basi hiyo ni mti," akasema, akapiga goti lake kwa kofi. "Na mti katika boma hii mwanamke hapandi. Anayepanda mti anasema ardhi ni yake. Mimi ningali hai." Hapo nilishikwa pande zote mbili. Ikiwa mbaazi ni chakula, nimewaruka wakubwa wangu. Ikiwa ni mti, nimenyang'anya ardhi ya mzee. Nikamtazama Owuor aniokoe. Mume wangu, mwalimu wa hesabu, akasafisha koo, akasema, "Baba, ilikuwa tamu tu." Nikatamani niwe mjane kwa dakika tano. Mzee akakata shauri: kesho asubuhi mibaazi yote ing'olewe, na mambo yaishe bila kelele. Mama aliniambia tu nimletee ile sufuria ya mbaazi iliyobaki, akaichukua, akaingia nayo chumbani kwake.

Jioni ile nililia mpaka nikajichukia. Owuor aliniambia ni mimea tu, tutapanda maharage. Sikumkasirikia, lakini alikuwa hajui. Katika boma lile kila kitu nilikuwa nimepewa: nyumba, jina, jembe, hata zamu ya kupanda. Mibaazi peke yake ndiyo niliyoileta mimi, nikaizungushia miiba kwa mikono yangu, nikaiona inasimama mahali ambapo mtama ulikufa. Nikamwambia mume wangu kwa utaratibu kabisa kwamba wakiing'oa, nami nimeng'oka. Asubuhi atafute mtu wa kunibebea sanduku mpaka stendi ya Sori. Aliamini, na alikuwa na haki ya kuamini, maana sanduku lilikuwa tayari kitandani.

Alfajiri nilishuka shambani kuiaga. Nikakuta sehemu ya miiba imesogezwa. Ndani, katikati ya mistari, alikuwa Mama, kitambaa chake cha kanisani kichwani ingawa ilikuwa Jumatatu, kikapu mkononi, anachuma yale maganda yaliyokauka. Alichuma bila haraka, kama mtu aliye shambani mwake. Sufuria yangu ilikuwa imeegeshwa kando ya ua, imeoshwa inang'aa. "Ilikuwa na chumvi kidogo," akasema bila kugeuka. Akaendelea: "Mtu akichuma majani ya kunde kwa shamba yake, amevuna?" Nikasema hapana, huyo anatafuta mboga. "Basi wewe ulitafuta mboga. Kuvuna ni siku kikapu imejaa na imeingia ghala. Hii shamba ulipewa na nani?" "Na wewe, Mama." "Basi mimi ninavuna kwa shamba yangu. Wewe ngoja huko nje."

Nikatoka nje nikangoja. Mzee akafika na panga na mbuzi wake. Akamwona mke aliyeishi naye miaka arobaini amesimama katikati ya miti iliyokatazwa, kikapu kimejaa. Wakazungumza kwa Dholuo, lugha yao, Mama maneno mengi, Mzee machache, kisha Mzee machache zaidi. Mwishowe akaingia, akavunja ganda moja, akatafuna mbegu, akatafuna nyingine. Akainama akapima unene wa shina kwa vidole. "Sawa," akanigeukia. "Chakula ni ya nyinyi wanawake. Lakini mti ni yangu. Ikizeeka, kuni unaleta kwangu." Nikapiga magoti pale pale kwenye vumbi, nikasema kila shina, Baba, mpaka kijiti. Akaenda zake na mbuzi, panga mabegani, akiwa amepata ardhi yake na kuni juu yake. Wapo wataalamu waliokuja miaka ya baadaye kutufundisha kuchanganya mazao na miti, wakachora duara nyingi ubaoni kuhusu nani ananufaika na nini. Niliwasikiliza kwa adabu.

Sasa wa pili alikuwa Min Achieng, na Min Achieng, baada ya kikao, alikuwa ameondoka alfajiri kwenda Isebania na omena zake. Angerudi Alhamisi. Ndiyo, nikangoja tena! Siku nne jua linayapasua maganda, ndege wanashuka bila kufuata ukubwa wa mtu yeyote, na mimi nimesimama nje ya ua nikiwarushia mawe, bila ruhusa ya kugusa hata ganda moja. Sanduku langu lilikuwa bado kitandani; Owuor alikwenda Ndhiwa bila kujua kama Ijumaa atanikuta, na kusema kweli mimi pia sikujua. Kwa maana ingetosha Min Achieng akatae. Akisema hatavuna, mpangilio umekatika, na kilichokatika hapo hata Mama hangeweza kukiunga.

Alhamisi mchana akatokea njiani na karai tupu kichwani. Mama akampokea, wakazungumza kwa muda mrefu langoni. Nilikuwa karibu na ua. Min Achieng akaja moja kwa moja mpaka kwangu, akanitazama machoni. "Nyieka," akasema, "Isebania nimeona mama mmoja anauza hii kitu kwa kopo. Watu wanapigania." Akalishusha karai lake. "Ungeniambia mapema." Kisha akaingia, akaanza na mistari mizuri, ile mirefu ya juu yenye maganda mengi, na wala hakujifanya kwamba hakuichagua. Alijaza karai, akalijaza mara ya pili. Alipotoka alikuwa anaimba.

Kilichobaki kilikuwa kidogo: mistari ya chini kwenye mawe, na yaliyoachwa na ndege. Nilikuwa nimesimama pale, mikono kiunoni, nikiwaangalia wakubwa wangu wawili wakipepeta mbaazi zangu, na sikuweza kuondoka wala kuingia. Mama akainua macho kutoka kwenye ungo.

"Nyar Kamba, unangoja nani tena? Ni zamu yako."

Nikaingia.